Mbwa Aitwaye Pitibuli na Kazi ya Kunusa

Umelala. Usiku wa manane mbwa wako anabweka. Unatoka nje na tochi, unazunguka zizi, huoni kitu. Asubuhi unakuta nyayo za fisi nyuma ya zizi. Wewe hukusikia wala hukuona. Je, mbwa alijuaje? Masikio yalimsaidia, lakini pua pia ilifanya kazi kubwa.

Ndani ya pua yako mna chembe ndogo sana za kutambua harufu. Ni kama milioni 5 au 6. Mbwa anazo zaidi ya milioni 200. Ukipita karibu na jiko, wewe unanusa mboga tu. Mbwa ananusa nyama peke yake, kitunguu peke yake, na mkono wa aliyepika peke yake.

Jaribu mwenyewe. Chukua vyungu vitatu vitupu. Weka kipande cha nyama chini ya kimoja, mbwa asione. Kisha mwite. Atapita kwenye chungu cha kwanza, atapita cha pili, na atasimama penye nyama. Mbwa wa polisi wa kunusa hufanya kazi hiyo hiyo, ila yeye hatafuti nyama. Hutafuta bangi, baruti, au pembe za ndovu.

Sasa tuzungumze juu ya pitibuli. Huenda umesikia habari zake, au umeona picha yake. Ni mbwa wa kimo cha kati, mwenye kichwa kipana, kifua kinene na manyoya mafupi. Wahenga wake walitoka Uingereza. Zamani watu wa huko walifunga fahali kwa kamba, wakamwachilia mbwa amshike puani. Huo ulikuwa mchezo wao! Sheria ikaukataza mwaka 1835. Basi wakageukia kupiganisha mbwa kwa mbwa ndani ya shimo, kwa siri. Walitaka mbwa mwenye nguvu na mwepesi, asiyekata tamaa. Baadaye mbwa hao walipelekwa Marekani. Neno la kwanza katika jina lake maana yake ni shimo.

Je, mbwa wa namna hiyo anaweza kazi ya kunusa? Anaweza. Mwishoni mwa miaka ya 1990 polisi wa mji wa Buffalo, Marekani, walipekua nyumba ya watu wa dawa za kulevya. Ndani ya friza walikuta mtoto wa pitibuli, ana majeraha, karibu kufa. Wakamtibu. Wakampa jina la Popsicle, yaani barafu ya kijiti, ile wanayolamba watoto. Akafundishwa kazi ya forodha. Huko Texas, mpakani mwa Meksiko, alinusa lori lililojaa mananasi. Chini ya mananasi ilikutwa kokeini zaidi ya kilo 1,000. Mwaka 2015 mji wa Poughkeepsie nao ulimwajiri pitibuli jike, Kiah, kunusa dawa za kulevya na kutafuta watu waliopotea. Huyu alitoka katika nyumba ya mbwa wasio na wenyewe.

Mwalimu wa mbwa haulizi kwanza mbwa huyu ni wa ukoo gani. Anachukua mpira. Anautupa katika majani marefu. Mbwa mmoja anatafuta kidogo, kisha anaacha. Mwingine anatafuta, anatafuta, mpaka anaupata. Huyo wa pili ndiye atakayefaa. Halafu anazoeshwa harufu moja. Akiipata, anapewa mpira achezee. Hapigwi. Kwake yeye, kazi yote ni kutafuta mpira.

Hata hivyo, polisi wengi hawachagui pitibuli. Mbwa wengi wa polisi hufanya kazi mbili: kunusa, na kukimbiza mhalifu. Kwa kazi hizo wachungaji wa Kijerumani na wa Kibelgiji wamezalishwa na kuchaguliwa miaka mingi. Tena bandarini na uwanja wa ndege kuna umati wa watu. Watu wakimwona pitibuli huogopa, hata akiwa mpole. Uingereza imepiga marufuku kumfuga tangu mwaka 1991, isipokuwa kwa ruhusa ya mahakama.

Hapa kwetu Tanzania kazi hii ipo. Usa River, karibu na Arusha, pana chuo cha mbwa wa kunusa pembe za ndovu na pembe za vifaru. Mwaka 2015 mbwa wake wa kwanza walianza kazi, na bandari za Dar es Salaam na Mombasa zilikuwa miongoni mwa vituo vyao. Wafanyakazi wanaowaongoza nao husoma. Lazima mtu ajue mkia wa mbwa wake unasema nini, maana mbwa akisita mbele ya kontena na mtu asione, mzigo utapita.

Na wewe wa Sepuka, ukiletewa pitibuli ununue, je, atakufaa? Fikiri kazi unayotaka. Mbwa wa machungani hushinda na mbuzi na watoto. Anatakiwa kubweka, kuwafukuza fisi, na kuwaacha mbuzi salama. Wahenga wa pitibuli walichaguliwa kwa kushika mnyama na kutomwachia. Si kila pitibuli atamrukia mbuzi, lakini akimrukia mmoja, kumbandua ni shida. Mimi nisingetoa pesa zangu. Mbwa wa hapa kwetu amezoea jua hili na kazi hii. Wala usimfunge mnyororo mchana kutwa ili awe mkali. Mbwa wa namna hiyo huuma hata mtoto wa jirani. Mtoto wa mbwa, katika miezi yake mitatu ya kwanza, azoeshwe watu, watoto na mbuzi.

Mbwa yeyote, wa polisi au wa machungani, apate chanjo ya kichaa cha mbwa. Mtu aliyeumwa aoshe jeraha mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka, muda wa dakika 15, kisha aende zahanati au hospitali siku hiyo hiyo. Asingoje kuona kama mbwa atakufa. Ugonjwa huu ukishaanza kujionyesha, karibu kila mgonjwa hufa.

Muulize afisa mifugo wa kata siku ya chanjo. Akishamchanja mbwa wako, chukua daftari lako la kisomo. Andika jina la mbwa na tarehe. Chini yake andika tarehe hiyo hiyo ya mwaka ujao, maana ndipo atakapochanjwa tena.