Tope la Mvua katika Ua wa Kuku

Vitabu vya ufugaji vitokavyo nchi za baridi humwonya mwenye kuku juu ya majira ya theluji, wakati jua linapokuwa dhaifu na ardhi iliyolowa isikauke kwa miezi. Lakini sisi wa Nyamahanga, katika nchi hii ya Ngara na Biharamulo, hatuna theluji, na miezi yetu ya baridi, Juni hata Agosti, ni miezi ya vumbi. Taabu ile ile hutufikia kwa njia ya mvua, ambayo aghalabu huanza Septemba au Oktoba, hupungua kidogo karibu na Januari, kisha hurejea na masika mpaka Mei, hata ikawa sehemu kubwa ya mwaka kuku wetu wanaishi juu ya ardhi yenye maji.

Atakaye kuyajua madhara yake na ashike kifaranga mmoja, asubuhi baada ya mvua ya usiku, autazame mguu wake. Kwenye ncha ya kidole ataona donge la udongo uliochanganyika na kinyesi, dogo kama punje ya kunde. Likipigwa na jua hukaza kama tofali, na kila mvua huliongeza, mpaka kifaranga akawa anachechemea na kushindwa kuchakura. Donge hilo halifai kuvunjwa kwa nguvu, kwa maana ukucha hutoka pamoja nalo. Huloanishwa kwa maji ya vuguvugu mpaka likalainika lenyewe, na kwa vifaranga 20 hiyo ni kazi ya asubuhi nzima.

Madhara yasiyoonekana ni makubwa zaidi. Vimelea vya ugonjwa wa kuhara damu, ambao mabwana mifugo huuita koksidiosisi, hutoka katika kinyesi cha kuku vikiwa bado havina uwezo wa kudhuru, na ili vipevuke huhitaji unyevu, hewa na joto. Vikivipata vyote vitatu, siku 1 au 2 hutosha, kisha hungoja kifaranga avimeze pamoja na punje aliyoiokota. Joto na hewa hatuwezi kuviondoa; unyevu tunaweza. Ndiyo sababu anunuaye dawa leo, huku ua wake ukiwa tope, hurudi dukani muda si mrefu, nami huona uchungu kwa fedha hiyo, kwa kuwa ingemfaa mtoto shuleni. Kadhalika, kinyesi kilicholowa hutoa hewa kali ya amonia iunguzayo macho na koo. Mwenye banda aingiapo wima huenda asiihisi. Basi na achuchumae mpaka pua yake ifike kimo cha kuku, avute pumzi mara mbili, na macho yakimtoka machozi atajua kuku wake wanalala katika nini.

Wengi hudhani kwamba tope huletwa na mvua iangukayo uani, na kwamba dawa yake ni kumwaga kitu juu yake: maranda, nyasi, hata mabua ya mahindi. Mimi nami nilifanya hivyo misimu miwili, gunia baada ya gunia, na kila gunia likawa tope jipya, zito kuliko la kwanza, kwa kuwa nilikuwa nikiyafunika maji badala ya kuyaondoa. Nilizinduka nilipopiga hesabu ya paa. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1; basi banda lenye paa la mita 4 kwa 3, likipata mvua nzito ya milimita 30, hupokea lita 360, yaani madumu 18 ya lita 20, na paa likiwa limeinama upande mmoja, madumu yote hayo humwagika katika mstari mmoja chini ya upenu, mara nyingi pale pale wanapokanyaga kuku watokapo mlangoni.

Kwa hiyo kazi itanguliayo zote ni kuyapa maji njia. Paa na liinamie upande usio na mlango, na chini ya upenu ufungwe mlizamu, wa bati kwa mwenye nafasi, au wa mwanzi uliopasuliwa na kutolewa vifundo vya ndani kwa asiye nayo. Upande wa juu wa mteremko uchimbwe mtaro wa kina cha jembe, uliozunguka banda kama mkono uliokunjwa, kwa sababu katika vilima vyetu maji hupita chini ya ukuta hata pale paa lilipo zima. Sakafu nayo iinuliwe shubiri 2 kwa kifusi na changarawe iliyoshindiliwa.

Hapo ndipo maranda, pumba za mpunga au maganda makavu ya kahawa yanapofaa. Yatandazwe kwa unene wa vidole vinne na kugeuzwa mara kwa mara; chota konzi moja, ufumbate kwa nguvu, kisha ufumbue: yakitawanyika, ni salama; yakibaki donge, yatolewe siku hiyo hiyo. Majivu ya jikoni yawekwe ndani, pakavu, ili kuku waogee na kujikung'uta chawa, wala yasimwagwe juu ya tope, maana majivu yaliyolowa hutoa maji makali kama magadi, yachomayo ngozi ya miguu. Chombo cha kunywea kiwekwe juu ya kichanja kidogo cha fito, kifikie mgongo wa kuku, la sivyo wenyewe watakipiga teke na kuleta tope ambalo mvua haikulileta.

Maji ya mlizamu wangu huishia katika shimo la migomba mitatu nyuma ya banda, ambako pia huyamwaga matandazo yaliyochoka. Novemba hii mvua inaponyesha usiku, huyasikia maji yakiporomoka shimoni, na asubuhi nikifungua mlango kuku hutoka na miguu ya manjano, mikavu, wakaanza kuchakura changarawe.