Shule ya Watoto Wenye Usonji Inapohamia Jengo Kubwa



Katika likizo iliyopita sisi mafrateri watatu tulipangiwa utume wilayani Karatu, na kazi mojawapo tuliyopewa ilikuwa kusaidia kituo kidogo cha watoto wenye usonji kuhamia jengo kubwa zaidi. Tulidhani ni kazi ya mabega tu: kubeba madawati, mikeka na masufuria kutoka nyumba ya kupanga hadi jengo jipya, mwendo usiofika kilomita mbili. Kufikia saa tisa alasiri tulikuwa tumemaliza, tukajipongeza kwa soda. Kesho yake asubuhi mtoto mmoja wa miaka tisa aligoma kuvuka mlango. Alikaa nje kwenye kokoto, akaziba masikio, akalia mpaka sauti ikamkauka. Mama yake alisimama kando na kutuambia kwa upole, “Frateri, huyu hajakataa shule. Anaitafuta.”

Tumeandika makala hii kwa sababu ya maneno ya mama huyo. Parokia nyingi zinapoanza kuwajali watoto hawa hufikiria kwanza jengo. Jengo linahitajika, tutaeleza kwa nini, lakini tuanze na mtoto anayeingia ndani yake.

Usonji ni namna tofauti ya ukuaji wa ubongo, nayo huanza mapema sana katika utoto. Si laana, si ugonjwa wa kuambukiza, wala hautokani na mama kumlea mtoto vibaya. Mwaka 1943 daktari Leo Kanner, huko Marekani, aliandika habari za watoto 11 aliowachunguza. Pamoja na ugumu wao katika kuwasiliana na watu, aliona jambo jingine: walitaka sana vitu vibaki vilivyokuwa. Kiti kikisogezwa, wimbo ukikatwa katikati, njia ya kwenda nyumbani ikibadilishwa, mtoto hufadhaika kama mtu aliyepotea msituni. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 mtu mmoja kati ya 127 alikuwa na usonji. Ni wastani wa dunia nzima, lakini tukiuchukua kwa hesabu ya karatasi tu, parokia yenye waamini 2,500 ingekuwa na watu kama 20. Hebu tujiulize tunawaona wangapi Jumapili.

Wengi wa watoto hawa husikia na kuona bila kuchuja. Wewe ukiwa darasani unasikia sauti ya mwalimu, na pikipiki ya barabarani inafifia yenyewe. Kwa mtoto mwenye usonji pikipiki, kiti kinachokwaruza sakafu na mwalimu vinaweza kufika pamoja, vyote kwa nguvu ileile. Ndiyo maana hushikilia utaratibu: mkeka uleule, kikombe kilekile, kengele kabla ya uji. Katika falsafa tunasoma kwamba kwa Aristotle mahali pa kitu ni mpaka wa ndani wa kile kinachokizunguka. Tuliposoma hayo darasani yalionekana makavu kweli. Pale kwenye kokoto tulielewa kidogo zaidi: sisi tulihamisha vitu, na mtoto yule akabaki bila kitu cha kumzunguka.

Makosa yetu yalikuwa ya watu wenye bidii. Mkeka wa zamani ulikuwa umechanika, tukautupa. Madawati tuliyapanga upya kwa ukubwa ili yapendeze. Misumari ya kutundikia mikoba, ambayo kila mtoto alijua wake ni wa ngapi kutoka mlangoni, hatukuikumbuka kabisa. Na ukumbi mkubwa, ambao wageni wote waliusifu, ulikuwa na sakafu ya saruji, kuta tupu na bati lisilo na dari. Mtu akikohoa, mwangwi unamrudia. Karatu mvua za masika zikipiga bati la namna hiyo, hata sisi hatusikilizani. Mtoto anayesikia kila tone atafanya nini?

Mwalimu wao, aliyesomea elimu maalumu Chuo cha Ualimu Patandi, hakutugombeza. Alitutuma tuurudishe mkeka. Kisha akampiga picha mlango mpya, choo kipya na mahali pa uji, akazibandika kwenye kadi kwa mpangilio wa siku. Kila alasiri, wenzake wakishaondoka, alimpitisha mtoto yule kwenye jengo likiwa kimya: siku ya kwanza hadi mlangoni tu, siku nyingine hadi kwenye msumari wa tatu, ambao sasa ulikuwa na mkoba wake. Siku ya kumi na mbili aliingia mwenyewe, akakaa kwenye mkeka uliochanika. Mwalimu alituambia kwamba hatua hizo zingefanyika mwezi mmoja kabla ya kuhama, si baada. Kuna watoto wanaofurahia mabadiliko, na pale walikuwepo wawili waliokimbia vyumbani wakicheka. Lakini ratiba ya kuhama hupangwa kwa kumtazama yule anayeumia zaidi.

Basi kwa nini kuhama? Nyumba ya zamani ilikuwa na vyumba viwili. Mtoto akizidiwa na kelele hapakuwa na pa kumpeleka atulie, isipokuwa uani, karibu na jiko la kuni. Mwongozo wa shule za msingi nchini ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45, lakini hapa hata watoto sita kwa mwalimu mmoja ni wengi. Jengo kubwa lina faida likitumika kuwa na vyumba vidogo vingi na chumba kimoja cha utulivu. Likijazwa watoto kwa sababu “nafasi ipo”, tumehama bure. Tunasema hivi tukijua kwamba wafadhili hupenda picha ya ukumbi.

Kisha kuna suala la umbali. Mzazi wa Endulen au Nainokanoka, ndani ya Eneo la Hifadhi ya Ngorongoro, hawezi kumleta mtoto Karatu asubuhi na kumrudisha jioni. Kuna barabara ya vumbi, ukungu wa ukingo wa kreta, wanyama, na lango lenye saa zake. Kwa mtoto huyo shule maana yake ni bweni, na bweni maana yake ni mlezi wa usiku anayejua kwamba mtoto anayezungumza Kimaasai tu nyumbani amepoteza pamoja mama, lugha na harufu ya boma. Hilo ni kuhama kukubwa kuliko kwetu kwa kilomita mbili.

Baadhi ya ndugu seminarini walituuliza: mtoto asiyesema, asiyejibu, anashirikije Ekaristi? Boethius alimweleza nafsi kwa asili yake yenye akili, na asili haipotei kwa sababu matendo yake hayaonekani. Mtu aliyelala hapungukiwi utu. Baba Mtakatifu Fransisko alipokutana na watu wenye usonji na familia zao Vatikani, tarehe 22 Novemba 2014, alikwenda kwao mmoja mmoja badala ya kuwasubiri wamfuate.

Hilo lilitusaidia siku ya baraka ya jengo. Kamati ilikuwa imeandaa ngoma, kwaya mbili na vipaza sauti. Mwalimu alimwomba Paroko, naye akakubali: sherehe ikafanyika Jumapili, watoto wakiwa makwao. Jumatatu alirudi peke yake, akanyunyiza maji ya baraka bila wimbo, akakaa nao mkekani wakati wa uji.

Kilichobaki ni uzio. Fedha ziliishia kwenye bati. Watoto hawa huweza kuondoka ghafla bila kuaga, na jengo jipya liko kati ya korongo na barabara kuu ya lami iendayo Ngorongoro, yenye magari ya watalii tangu alfajiri. Kwa sasa kuna matawi ya miiba, na mama mmoja wa jumuiya ndogo ndogo hukaa kwenye kigoda getini hadi saa nane mchana.