Barabara Nayo Inazeeka

Ukitoka Likasi kwenda Fungurume na Kolwezi, unapita Mulungwishi. Siku hiyo tazama barabara vizuri. Lami ikiwa mpya ni nyeusi. Ikizeeka inageuka rangi ya majivu, na nyufa nyembamba zinaonekana kama mistari ya kiganja. Usizidharau. Ndizo zinazozaa mashimo.

Kwa nini lami inazeeka? Ndani yake mna vitu vigumu pamoja na mafuta laini. Mafuta hayo ndiyo yanayoifanya ijipinde kidogo kamyo linapopita, kisha irudi. Siku ya kuchanganywa na mawe, moto wa digrii 150 na zaidi huanza kuyapunguza. Baadaye jua na hewa vinaendelea, mwaka hadi mwaka, kuyageuza yawe magumu. Mwishowe lami inakauka kama bukari ya jana: ukiibonyeza, inapasuka.

Mvua ikianza, mwezi wa Oktoba au Novemba, maji huingia katika nyufa na kulainisha udongo wa chini. Kamyo zito likipita, shimo limefunguka. Shofa analikwepa, anaingia upande wa wenzake. Mwezi wa Februari 2019, huko Kabwe, kwenye njia hii ya Kolwezi, kamyo la asidi liligongana na magari mengine. Watu wapatao 20 walikufa. Hatusemi kwamba shimo ndilo lililoleta ajali ile. Tunasema kwamba kosa dogo katika njia hii lina bei kubwa.

Je, lami yaweza kurudishiwa ujana? Ndiyo, kama chini bado ni imara. Wakati wa kiangazi mafundi hufagia barabara, huziba nyufa, kisha hunyunyiza mafuta maalumu yanayorudisha ulaini. Lami iliyochakaa sana huchunwa, ikachanganywa na mafuta hayo na lami mpya, ikatandikwa tena. Lakini shimo halitibiwi kwa kunyunyiza: hukatwa, hujazwa, hushindiliwa. Na oili chafu ya motokari si dawa. Inaleta utelezi na kuchafua maji.

Kwa hiyo kumbuka:

– Ukiona nyufa au shimo jipya, wajulishe wakubwa wa kazi mapema, kabla ya mvua.

– Barabara iliyonyunyizwa karibuni inateleza: punguza mwendo.

– Mama, baba, msiwaache watoto kucheza au kujaza mashimo barabarani.

– Lami ya moto ikikuunguza, mimina maji safi ya baridi dakika 20. Usiibandue, wala usipake petroli. Nenda hospitali upesi.

Wazee walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Ufa wa barabara uzibwe wakati wa kiangazi, ili kila mmoja wetu afike nyumbani salama.