Je, King'amuzi Kinachorekodi Kiachwe Kikiwaka Usiku Kucha? Swali Kutoka Kliniki ya Kifafa

Maswali tunayoulizwa katika kliniki ya kifafa aghalabu huhusu dawa: zitumiwe kwa muda gani, zina madhara gani, je, binti anayezitumia anaweza kubeba mimba. Miezi michache iliyopita mama mmoja aliniuliza jambo ambalo sikulisomea popote. Alikunja kadi ya kliniki, akaiweka kwenye mkoba, akasimama kama anayeondoka, kisha akarudi kuketi. "Daktari, samahani. King'amuzi cha kurekodi nikiache kikiwaka usiku kucha, au nikizime?"

Nilidhani ni mzaha wa kuagana. Haukuwa mzaha.

Mwanawe ana umri wa miaka 19 na anasoma chuo. Maradhi yake yalianza akiwa na miaka 15, kwa namna ambayo nyumbani hawakuitambua. Asubuhi mikono ilimshtuka ghafla, mara moja au mbili, kama mtu aliyeguswa na waya wa umeme. Kikombe cha chai kilimponyoka, mswaki uliruka. Aliitwa mzembe, na mara moja alichapwa kwa kuvunja sahani. Mwaka mmoja baadaye akaanguka, mwili mzima ukakakamaa na kutikisika, ndipo akaletwa hospitali. Hii ni aina ya kifafa inayofahamika vyema: huanza katika miaka ya balehe, dalili zake hujitokeza zaidi muda mfupi baada ya kuamka, na wengi hupata nafuu kubwa kwa dawa inayofaa. Kijana huyu alipewa valproeti, akakaa karibu miaka miwili bila kuanguka.

Kisha, alfajiri moja ya Alhamisi, akaanguka tena hatua mbili kutoka kwenye jiko la mkaa lililokuwa na birika. Kama angeangukia upande wa pili, tungekutana naye katika wodi ya majeraha ya moto.

Niliuliza kuhusu dawa. Mama alinionyesha pakiti. Anazihesabu mwenyewe, na hapakukosekana hata kidonge kimoja. Pombe hakunywa. Homa hakuwa nayo. Nikauliza alilala saa ngapi usiku ule, na wote wawili wakatazama sakafu. Jumatano kulikuwa na mechi ya Ligi ya Mabingwa Ulaya. Mechi hizo kwetu huanza saa 4 usiku, na katika miezi ya baridi ya Ulaya huanza saa 5, zikamalizika karibu saa 7. Yeye huamka saa 11 alfajiri ili awahi usafiri wa chuo. Hesabu yake ni rahisi: alilala chini ya saa nne, kisha akaamshwa ghafla na kengele ya simu.

Kilichonishangaza ni kwamba familia hii ilikwisha kulifikiria jambo hilo kabla yangu. Mjomba wake alikuwa amewanunulia king'amuzi chenye uwezo wa kurekodi, makusudi kijana alale mapema na mechi aitazame kesho yake jioni. Lakini kila usiku, kabla ya kupanda kitandani, mama huzunguka sebule na kuzima kila swichi ya ukutani isipokuwa ya friji. Anaogopa radi, anaogopa moto, na anaogopa LUKU. Mara mbili kijana aliagiza mechi irekodiwe, na mara mbili asubuhi hakukuta kitu. Mara ya tatu aliamua kukesha.

Kwa hiyo swali la mama lilikuwa la kitabibu kabisa, na mimi nikawa sina jibu. Nilimwomba anipe muda. Ninayoyaandika hapa ndiyo niliyoyapata, pamoja na yale ninayoyajua kwa fani yangu.

Nianze na usingizi. Seli za ubongo huwasiliana kwa chaji ndogo za umeme, na katika kifafa kundi la seli hizo hulipuka kwa pamoja bila mpangilio. Ubongo uliokosa usingizi huwa mwepesi zaidi kulipuka. Sisi wenyewe hulitumia jambo hili: tunapotaka kipimo cha umeme wa ubongo kituonyeshe hitilafu iliyojificha, wakati mwingine humwagiza mgonjwa apunguze usingizi usiku wa kuamkia kipimo. Yaani mechi ya Jumatano ilifanya nyumbani, kando ya jiko la mkaa, kile ambacho sisi hukifanya hospitalini tukiwa tumemzunguka mgonjwa. Kwa kijana mwenye kifafa cha aina hii, usiku mmoja unaweza kutosha. Mtu mzima asiye na maradhi yoyote anashauriwa kulala angalau saa saba. Kwa huyu saa hizo ni sehemu ya tiba, sawa na kidonge. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu wapatao milioni 50 wanaishi na kifafa, na kwamba hadi asilimia 70 yao wangeweza kuishi bila kuanguka iwapo wangetambuliwa na kutibiwa ipasavyo. Katika neno hilo "ipasavyo" mna mambo mengi ambayo hayauzwi katika duka la dawa.

Sasa kifaa chenyewe. King'amuzi kinachorekodi ni kompyuta ndogo yenye diski ndani yake. Kina hali tatu, ilhali wengi wetu tunazijua mbili. Kikiwa kimewashwa kikamilifu, hurekodi muda wote chaneli unayoitazama hata kama hukukiagiza. Ndiyo maana unaweza kusimamisha mechi ukaenda kuswali na kurudi pale ulipoishia. Ukikizima kwa rimoti huingia katika hali ya kusubiri: picha hutoweka, taa hubadilika, lakini saa yake inaendelea kuhesabu, na muda wa kipindi ulichokiagiza ukifika hujiamsha, hurekodi, hurudi kusubiri. Hali ya tatu ni kuzimwa ukutani. Hapo hakuna saa, hakuna kuamka, hakuna mechi.

Jibu la nusu ya swali, basi, ni kwamba si lazima kiwake usiku kucha. Kinachotakiwa ni kisikatiwe umeme. Kizimwe kwa rimoti, swichi ya ukutani iachwe.

Watu huuliza iwapo diski haitachoka kwa kuzunguka bila kupumzika. Diski za vifaa hivi hutengenezwa kwa kazi ya mfululizo. Huzunguka maelfu ya mara kwa dakika, na kichwa cha kusomea huelea juu yake kwa umbali wa nanomita chache bila kuigusa. Kuanza na kusimama nako kuna gharama yake, na kubaya kuliko kote ni kukatiwa umeme katikati ya kuandika. Diski nyingi hutumia nguvu ya mzunguko uliobaki kukirudisha kichwa mahali salama, lakini kipindi kilichokuwa kikirekodiwa huweza kuharibika. Kuhusu joto, mwaka 2007 watafiti wa Google walichapisha matokeo ya kufuatilia diski zaidi ya 100,000, na tofauti na ilivyodhaniwa, joto la wastani halikuonekana kuziua. Athari ilijitokeza katika joto kali, hasa kwa diski zilizokwisha kuzeeka. Ni kweli kwamba diski hizo zilikuwa katika kumbi zenye upepo wa kutosha, si kwenye kabati la sebuleni.

Na hapa ndipo ninapowalaumu wenzangu, nikianza na nyumba yangu. King'amuzi chetu cha kwanza kilikaa juu ya amplifaya, kikafunikwa kitambaa cheupe cha kudariziwa, na juu ya kitambaa pakawekwa chombo cha maua ya plastiki. Matundu yote ya hewa yalizibwa. Siku fundi alipokifungua alitoa vumbi, mende kadhaa na mjusi mkavu aliyefuata joto akafia kwenye ubao wa saketi. Kitambaa kitolewe. Kifaa kiachiwe nafasi ya kiganja kila upande, kisikalie kifaa kingine chenye joto, na kisichomekwe katika ekstensheni moja na pasi au jiko la umeme. Hofu ya mama kuhusu moto haikuwa ya kijinga. Ila mara nyingi moto hutokana na ekstensheni iliyoelemewa na plagi iliyolegea.

Kuhusu LUKU, alikuwa na haki kwa kiasi kikubwa kuliko nilivyotarajia. Mwaka 2011 shirika la Natural Resources Defense Council la Marekani lilitoa ripoti kuhusu ving'amuzi na vinasa vya nchini humo, ikaonekana kwamba takriban theluthi mbili ya umeme wake ulitumika wakati hakuna mtu anayetazama wala kurekodi. Vingi vilipozimwa kwa rimoti vilizima taa tu. Ndani kazi iliendelea. Vya siku hizi vina nafuu, hasa ukiingia kwenye mipangilio na kuchagua hali ya kubana umeme. Tuchukue kifaa kinachotumia wati 15 saa zote 24. Kwa siku ni uniti 0.36, kwa siku 30 ni karibu uniti 11. Kwa nyumba iliyo katika kundi la matumizi madogo, lenye kikomo cha uniti 75 kwa mwezi, hiyo ni sehemu moja ya saba ya haki yake yote. Si kitu cha kupuuzwa na mtu anayeuza vitumbua. Ninachoweza kusema ni kwamba mechi za Ulaya hazichezwi kila siku. Usiku ambao hakuna kilichoagizwa, mama anaweza kuzima ukutani na akalala na amani yake.

Radi ni suala jingine, na hapo sina la kubishana. Mvua za masika zikianza na ngurumo zikisikika, plagi ichomolewe pamoja na waya wa dishi, kwa sababu umeme wa radi huweza kuingia kwa njia zote mbili. Swichi peke yake haitoshi. Mechi ikikosekana siku hiyo, imekosekana.

Limebaki jambo la mahali. Kijana aliniambia televisheni ilikuwa imehamishiwa chumbani kwake "ili nisiwasumbue". Nilikataa. Kurekodi hakuna maana ikiwa kioo kiko hatua moja kutoka kwenye mto. Isitoshe, baadhi ya wenye kifafa cha aina yake huathirika na mwanga unaometameta. Tarehe 16 Desemba 1997, nchini Japani, mamia ya watoto walikimbizwa hospitali baada ya kutazama sehemu ya katuni ya Pokémon iliyokuwa na mimweko ya haraka ya nyekundu na buluu. Televisheni ikatazamwe sebuleni, kwa mbali, taa ya chumba ikiwa imewashwa.

Walirudi baada ya miezi mitatu. Hakuwa ameanguka, wala vikombe havikuponyoka. Nilimuuliza kama anafurahia kutazama mechi ya jana. Akalalamika kwamba haina ladha, kwani mtaa mzima hupiga kelele goli likiingia, naye akiwa kitandani huhesabu. Asubuhi anakuwa anajua matokeo, hajui tu nani kafunga. Mama yake hakumwonea huruma. Aliniambia kuwa swichi ya king'amuzi ameibandika plasta ya kidonda ili wajukuu wasiiguse, na kwamba siku za mechi huibonyeza kwanza kwa kidole, kuhakikisha, ndipo anapokwenda kulala.