Kuingia Si Kufaa: Mgandamizo wa Risasi katika Rivolva

Kila mmiliki halali wa rivolva, awe mkulima Kilosa au mfanyabiashara Mikumi, anapaswa kujibu swali moja kabla ya kununua risasi: je, silaha hii imetengenezwa kuhimili mgandamizo wa risasi hii? Wapo wanaojibu kwa kuitumbukiza risasi kwenye tundu la silinda. Ikiingia, huiona inafaa. Kipimo hicho hakitoshi, na kukitegemea kunaweza kugharimu jicho, vidole au uhai wa aliye karibu.

Nguvu iliyomo ndani ya ganda

Nyundo inapopiga, fataki iliyo kwenye kitako cha risasi huwasha baruti, nayo hugeuka gesi ya moto. Gesi hiyo husukuma kichwa cha risasi kuelekea mtutuni, na wakati huohuo husukuma kuta za silinda. Tairi la gari dogo linalojazwa upepo kando ya barabara kuu inayopita Mikumi huchukua takriban paundi 30 kwa kila inchi ya mraba. Kwa kipimo hichohicho, viwango vya Marekani vinaweka ukomo wa paundi 17,000 kwa risasi ya .38 Special, na 35,000 kwa .357 Magnum. Silinda isiyoundwa kwa mgandamizo huo inaweza kupasuka mkononi mwa mpigaji.

Majina yanayochanganya

Licha ya tofauti ya majina, vichwa vya risasi hizi mbili vina kipenyo kimoja. Risasi ya .357 Magnum ilipoanza kuuzwa mwaka 1935, ganda lake lilirefushwa kwa takriban milimita 3 ili isiingie katika rivolva za .38 Special. Kinga hiyo hupotea pale fundi anapochimba matundu ya silinda yawe marefu zaidi. Rivolva ya namna hiyo itapokea risasi yenye mgandamizo maradufu, ilhali chuma chake ni kilekile.

Kinyume chake kinaruhusiwa: rivolva ya .357 Magnum hupiga risasi za .38 Special kwa usalama. Hata hivyo, ganda fupi huacha masizi ndani ya tundu. Yasiposafishwa, ganda refu litakalofuata litaingia kwa shida na mgandamizo unaweza kupanda.

Silaha kongwe zinahitaji uangalifu zaidi. Baadhi ya rivolva za Webley za Uingereza, zilizoundwa kwa risasi ya .455, zilikatwa nyuma ya silinda ili zipokee risasi ya .45 ACP. Risasi hiyo huingia vizuri, lakini mgandamizo wake unazidi ule ambao rivolva hizo ziliundwa kuhimili.

Maji na joto

Mto Mkondoa ulipofurika Desemba 2009 na Januari 2010, wakazi wengi wa Kilosa walipoteza mali zao. Risasi iliyozama majini haipaswi kuanikwa na kurudishwa kwenye matumizi. Baruti yenye unyevu huweza kuwaka nusu, kichwa cha risasi kikakwama katikati ya mtutu. Mpigaji akifyatua tena, risasi ya pili hukuta njia imezibwa, na mtutu unaweza kupasuka.

Joto nalo lina madhara. Baruti iliyopata joto kali huungua kwa kasi zaidi na kuongeza mgandamizo. Kwa hiyo gari lililoegeshwa juani si ghala la risasi.

Tunamshauri mmiliki kuzingatia yafuatayo:

1. Soma maandishi yaliyochongwa kwenye mtutu au fremu, kisha yalinganishe na yaliyo kwenye kitako cha risasi. Yasipolingana, usiitumie.

2. Alama ya +P kwenye kitako inaonyesha mgandamizo uliozidi wa kawaida. Usitumie risasi hiyo mpaka uhakikishe kwamba mtengenezaji wa silaha anairuhusu.

3. Nunua risasi kwa muuzaji mwenye leseni, zikiwa katika kasha lake la asili. Usikubali risasi zilizojazwa upya na mtu usiyemjua.

4. Mlio ukiwa hafifu kuliko kawaida, acha kupiga mara moja. Toa risasi zote na umpelekee fundi mwenye kibali akague mtutu.

5. Risasi ikikataa kulipuka, elekeza mtutu mahali salama kwa angalau sekunde 30 kabla ya kufungua silinda, kwa kuwa inaweza kuchelewa kuwaka.

6. Usiweke vidole pembeni mwa nafasi iliyo kati ya silinda na mtutu. Gesi ya moto hutokea hapo kila risasi inapopigwa.

7. Hifadhi risasi mahali pakavu, penye ubaridi na pa kufungwa kwa ufunguo, mbali na silaha na mbali na watoto.

Risasi zilizolowa, zenye kutu au zisizojulikana asili yake zisitupwe jalalani, zisizikwe shambani wala zisichomwe moto. Toa taarifa katika kituo cha polisi kilicho karibu na ufuate maelekezo ya namna ya kuzikabidhi. Rivolva ya urithi nayo ikaguliwe na fundi mwenye kibali kabla ya kutiwa risasi yoyote, hata kama marehemu aliitumia miaka mingi bila tatizo. Chuma hudhoofika kwa ndani pasipo kuonyesha dalili kwa nje.