Japani ilivyopeleka wanajeshi ng'ambo bila kugusa katiba

KATIBA ya Japani iliyoanza kutumika Mei 1947 haijawahi kurekebishwa hata neno moja. Kifungu chake cha tisa kinaharamisha vita kama njia ya kutatua mizozo ya kimataifa, na kukataza taifa hilo kuwa na majeshi. Hata hivyo, wanajeshi wake wamehudumu Cambodia, Goma, Iraq na Sudan Kusini.

Hilo limewezekana kwa kufasiri maneno upya. Jeshi lililoundwa mwaka wa 1954 liliitwa Vikosi vya Kujihami, na kwa miaka mingi halikutumwa ng'ambo. Kisha kukazuka Vita vya Ghuba. Japani ilichanga dola bilioni 13 lakini haikupeleka askari. Kuwait ilipotangaza gazetini shukrani zake kwa mataifa yaliyoikomboa, Japani haikutajwa. Aibu hiyo iliuma.

Juni 1992 bunge lilipitisha sheria ya kuruhusu wanajeshi kushiriki shughuli za amani za Umoja wa Mataifa, kwa masharti. Sharti kuu: mapigano yawe yamesitishwa. Mwaka huohuo wahandisi 600 walikwenda Cambodia kukarabati barabara. Mwaka wa 1994 vikosi vilipelekwa Goma kuwahudumia wakimbizi wa Rwanda, ndege zao zikitumia Nairobi kama kituo.

Ni Juba ambako ufasiri huo ulikwama. Wahandisi wa Japani walikuwa huko tangu 2012, na Julai 2016 vita vikali vikalipuka mjini. Serikali jijini Tokyo ilikataa kuviita mapigano, kwa kuwa kukiri hivyo kungemaanisha sharti limevunjika na askari warudi nyumbani. Ikachagua neno "makabiliano". Tofauti hiyo huenda ilionekana ya kitoto kwa askari aliyesikia risasi karibu na kambi yake, na kwa hakika ripoti za kila siku za wanajeshi hao zilitumia neno "mapigano".

Wizara ya Ulinzi ilidai ripoti zilikuwa zimetupwa. Baadaye zikapatikana. Kikosi kiliondoka Mei 2017, miezi michache tu baada ya kuruhusiwa kutumia silaha kuwaokoa wafanyakazi wa Umoja wa Mataifa wanaposhambuliwa, na Julai Waziri Tomomi Inada akajiuzulu.

Tangu hapo Japani imebakisha Juba maafisa wachache tu, wanaofanya kazi katika makao makuu ya walinda amani.