Tuwaulize Wazee Wetu Kungali Mapema

Tulipokuwa watoto hapa Mulekera, babu yetu alikuwa na desturi moja. Jioni mvua ikiisha kunyesha na mawingu yakifunguka upande wa mashariki, alisimama uani akanyosha fimbo yake kuelekea milima ya Rwenzori, akasema: "Sisi tulitoka kule chini, bondeni." Kisha alitaja jina la kijiji. Nasi tuliitazama theluji iliyong'aa kileleni, tukastaajabu, tukarudi kucheza.

Leo babu hayupo. Sisi tumekuwa mwalimu, na historia ndiyo somo tunalofundisha. Twaweza kuwatajia wanafunzi wafalme wa Ubelgiji mmoja baada ya mwingine, lakini jina la kile kijiji hatulijui. Tulilisikia labda mara mia, wala hatukuliandika hata mara moja.

Kwa sababu hiyo twaomba leo kuzungumza nanyi juu ya historia ya mahali petu, na juu ya wale walio nayo vichwani mwao.

Mtu akimwuliza kijana wa Beni mji huu ulianzia wapi, kijana atamwonyesha njia kuu na maduka yake, kana kwamba mji ulizaliwa palepale. Sivyo. Beni ya kwanza ilikuwa mashariki ya hapa, karibu na mto Semliki. Mwaka 1889 msafiri Stanley, mzaliwa wa Wales, alipita bonde lile pamoja na Emin Pasha na msafara mkubwa. Yeye ndiye aliyelipa ziwa linalotoa mto ule jina la Edward, mwana wa Malkia Victoria wa Uingereza. Mwishoni mwa karne ile ya 19, serikali ya Mfalme Leopold ilijenga boma huko Beni. Mwaka 1906 mapadri wa Moyo Mtakatifu wa Yesu wakafungua misheni ya Mtakatifu Gustavo. Mwaka huohuo mtawala mdogo wa Abruzzi, kutoka Italia, alikwea Rwenzori mpaka kilele cha Margherita, chenye urefu wa meta 5,109.

Ndipo ukaja ugonjwa wa malale. Mbung'o walijaa bondeni, na watu walilala wasiamke. Wenye kubaki waliondolewa, wakapandishwa kwenye nyanda za juu na huku tuliko sisi. Mbuga ya wanyama iliyoanzishwa mwaka 1925 ikapanuliwa baadaye, ikachukua sehemu kubwa ya bonde la Semliki. Palipokuwa na migomba ya babu zetu, sasa tembo na nyati hujilisha. Wale waliohama hawakuchukua vitabu, maana hawakuwa navyo. Walichukua watoto mgongoni na majina vichwani.

Butembo nayo ina habari yake. Kampuni ya madini ya Maziwa Makuu ilifika huko katika miaka ya 1920 kwa kutafuta dhahabu, na soko likakua pembeni yake. Mwaka 1929 walikuja mapadri wa shirika la Kupalizwa Mbinguni. Mwaka 1938 misheni za huku ziliwekwa chini ya Askofu Henri Piérard, na mwaka 1959 zikawa jimbo. Mwaka 1966 alimfuata Askofu Emmanuel Kataliko, mwana wa nchi hii, na mwaka uliofuata jimbo likaitwa Butembo-Beni. Chuo Kikuu cha Graben, kilichoanzishwa huko Butembo mwaka 1989, ni matunda ya bidii yake.

Hayo yote yameandikwa, kwa hiyo tumeweza kuwaeleza. Lakini angalieni ni habari za nani: za wasafiri, za makampuni na za maaskofu. Habari za yule mama aliyepanda mlima na mtoto mgongoni, na za yule mzee aliyefyeka msitu wa Mulekera kwa mara ya kwanza, ziko wapi? Ziko midomoni mwa wazee, na midomo hiyo hufungwa mmoja baada ya mwingine.

Pengine mtu atasema kwamba kuandika si desturi ya nchi yetu. Naam, tumwambie habari za Ishango. Mahali hapo ni petu, pale Semliki inapotoka ziwani. Mwaka 1950 Mbelgiji Jean de Heinzelin alichimba ardhi pale, akapata mfupa mdogo uliochanjwa alama nyingi, zimepangwa kwa makundi. Wataalamu wasema una umri wa miaka ipatayo 20,000, wala hawajapatana bado kama alama zile ni hesabu ya siku za mwezi au hesabu nyingine. Mfupa wenyewe umewekwa Brussels. Basi, zamani hizo mtu wa mto wetu alikuwa na jambo asilotaka kulisahau, akalichanja. Sisi wenye kalamu na daftari tutajitetea kwa neno gani?

Tutazame pia nchi nyingine. Huko Uingereza mwaka 1538 ilitolewa amri kwamba kila parokia iwe na kitabu cha kuandikia ubatizo, ndoa na mazishi. Mwaka 1563 Mtaguso wa Trento uliagiza vivyo hivyo ndoa na ubatizo viandikwe katika parokia za Kanisa letu. Walioandika hawakufikiri kwamba wanatunga historia. Walitimiza wajibu wa siku. Hata hivyo leo mkulima wa kijiji kidogo cha Uingereza aweza kufunua kitabu cha kale akaona jina la babu wa babu yake, fundi wa viatu au mchunga kondoo. Huko watu wengi wa kawaida, wala si wataalamu, hukusanya habari za vijiji vyao: nani alikuwa na duka, shule ilisimama wapi, kisima kilichimbwa mwaka gani. Vitabu vya namna hiyo viko katika parokia zetu pia. Ila kitabu cha ubatizo chasema jina na tarehe tu. Hakisemi njia ya kijijini ilipita wapi, wala mwembe wa baraza ulikuwa kwa nani.

Sasa tuwaeleze jambo lililotupata darasani.

Tuliwapa wanafunzi wetu kazi ya nyumbani: waulize wazee wao jina la kijiji alichozaliwa babu au bibi, na nyumba zilizokizunguka. Kesho yake wengi walileta kurasa zilizojaa. Msichana mmoja alileta karatasi nyeupe. Jamaa yake walikimbia kutoka kaskazini, upande wa Mbau, kwa ajili ya mauaji yaliyoanza katika nchi yetu mwezi wa Oktoba 2014, wakapata hifadhi Mulekera kama wengine wengi. Tulidhani amekuwa mvivu, tukamkaripia. Akasema kwa sauti ndogo: "Mwalimu, aliyekuwa anajua ameuawa."

Tulinyamaza. Darasa zima lilinyamaza. Kisha tulimwomba radhi mbele ya wenzake, maana tulimkaripia mbele yao.

Siku ya tatu, kabla ya kengele, tulimkuta bibi kizee ameketi kwenye ngazi ya shule, na fimbo miguuni. Hakuwa ndugu wa yule msichana, bali jirani yao wa zamani, mkimbizi kama wao, anayekaa Ngongolio. Msichana alikuwa amemtafuta mwenyewe. Tulimwamkia, tukamletea kiti. Akasema: "Mwalimu, mimi sijui kusoma. Lakini njia ya kwetu naijua hata gizani. Andika."

Akafumba macho, akaanza kutembea kwa maneno. Hapa ni kijito, hapa ni nyumba ya fundi seremala, hapa ni shamba la kakao la mjane fulani, hapa ni kapela, hapa ni makaburi. Alitaja nyumba thelathini na moja, na watu wa kila nyumba. Mara mbili alisimama, akasema, "Ngoja, nimeruka mmoja," akarudi nyuma. Watoto waliandika kimya kimya. Alipoifikia nyumba ya babu wa yule msichana, alieleza mlango ulitazama wapi na mti gani ulikuwa uani. Msichana aliandika neno kwa neno. Karatasi yake haikuwa nyeupe tena.

Jioni ile tuliporudi nyumbani tulimkumbuka babu yetu. Tulipokuwa seminarini, kila likizo tulisema, "Tutamwuliza vizuri likizo ijayo." Tulikuwa na Kilatini cha kujifunza na vitabu vya Kifaransa vya kusoma, tukayaona maneno yake kuwa ya wakati wote, kama maji ya mto. Akatutoka mwaka 2019, kwa uzee wake. Miezi ile Ebola ilikuwa katika nchi yetu. Ilitangazwa tarehe 1 Agosti 2018, ikatangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, baada ya kuua watu 2,287. Watu waliogopa kukusanyika, na kilio cha babu kilikuwa kifupi. Zamani penye kilio ndipo wazee walipokesha na kuhesabu ukoo, wakataja mito iliyovukwa na vilima vilivyokaliwa. Usiku ule hapakuwa na mkesha. Tulimzika, tukatawanyika, na jina la kijiji likaenda naye.

Ndugu wasomaji, haya hatuyasemi ili tulie pamoja. Twayasema kwa kuwa wengi wenu mngali na mzee nyumbani, nanyi mwaweza kufanya tuliloshindwa sisi.

Twaeni daftari moja, liwe la kazi hiyo tu. Andikeni tarehe, jina la mzee, na umri wake kama unajulikana. Msimwulize mambo makubwa ya ghafla, kama "tueleze historia yetu," maana atachoka nanyi mtachoka. Mwulizeni mambo madogo: mlichota maji wapi? Nani alikuwa na kinu? Uliendaje shule? Jirani wa kulia alikuwa nani? Jambo dogo hulivuta kubwa. Chukueni karatasi ya pili mchore njia na nyumba, mzee aelekeze kwa kidole. Wazee wakihitilafiana, andikeni maneno ya wote wawili, na jina la kila mmoja. Wala msilifanye daftari kuwa silaha ya ugomvi wa mashamba. Kazi yake ni kukumbuka, hukumu ina mahali pake. Mkimaliza, nakilini mara ya pili, nakala moja ikae kwa jirani mwaminifu au shuleni, kwa kuwa katika nchi yetu nyumba huungua na watu hukimbia usiku.

Nanyi wanafunzi, msingoje mwalimu awape kazi hiyo. Majina yetu ya kuzaliwa, Kambale, Kasereka, Masika, humwambia kila mtu nafasi yetu kati ya ndugu. Yafaa tujue pia nafasi ya nyumba yetu kati ya nyumba nyingine.

Daftari la darasa letu sasa lina vijiji kumi na vinne. Kwenye ukurasa wa mwisho tumeandika jina la babu yetu, na chini yake: "Alitoka bondeni, upande wa Semliki. Jina la kijiji: ..." Mahali hapo tumepaacha wazi. Kama yuko msomaji ambaye mzee wake alitoka kule, akayataja majina ya vijiji vya bonde, twaomba amwulize leo, ayaandike. Huenda tukayasoma, tukalitambua letu.